Waliosoma Siri za Japani Kutoka Mombasa

Hotuba iliyotolewa mjini Mombasa mbele ya wanafunzi wa historia, walimu na wazee wa mji

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, wanafunzi na jamaa wote mliofika, masalkheri.

Shule ya Allidina Visram hakuna asiyeijua hapa, na nikitazama nyuso nadhani wamo waliosoma pale. Jina lake ni la yule tajiri wa Kihindi aliyeanza biashara Bagamoyo, kisha maduka yake yakaenea hadi Uganda. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Uingereza lililichukua jengo hilo. Ndani ya madarasa wakaingia watu waliotoka Colombo na masanduku ya karatasi, na kazi yao ilikuwa moja: kuzinasa simu za upepo za Wajapani, yaani habari walizotumiana kwa redio, na kuzisoma. Walikaa hapa hadi Septemba 1943, zaidi ya mwaka mzima.

Ukitaja kuvunja misimbo, wengi hukimbilia Bletchley Park, kile kituo cha wavunja misimbo huko Uingereza, mashine ya siri ya Wajerumani iitwayo Enigma, na mwanahisabati Alan Turing. Siwalaumu. Lakini Mombasa haikuwa kituo cha kupitishia barua tu. Msimbo mzima wa meli za mizigo za Japani ulivunjwa hapa kisiwani, na waliouvunja hawakusubiri London iwafundishe.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Ila nimekuja pia kubishana na hadithi inayopendwa sana, ile inayosema ukishaisoma siri ya adui umeshamshinda. Baharini mambo hayakwenda hivyo. Kati ya karatasi iliyosomwa na meli iliyozama wapo watu wengi: wa kuifikisha habari, wa kuiamini, wa kuwa na manowari za kutosha, na wa kuimaliza kazi. Mifano ninayo, na mingi yake inatoka pwani yetu hii.

Wa kwanza ni wa vita vilivyotangulia. Mwezi Agosti 1914 manowari ya Kijerumani, Magdeburg, ilikwama kwenye mwamba katika bahari ya Baltiki, karibu na pwani ya Estonia ya leo. Warusi wakakipata kitabu chake cha misimbo, na nakala moja wakawapa Waingereza. Pale makao makuu ya jeshi la majini London kukaanzishwa ofisi iliyojulikana kwa namba ya chumba chake, Chumba cha 40, na kuanzia hapo simu za upepo za Wajerumani zikawa zinasomwa.

Sasa njooni huku. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, siku chache kabla ya vita. Septemba 20 iliivizia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja na kuizamisha. Kisha ikajificha katika mikono ya Rufiji, kwenye mikoko, haina makaa ya kuirudisha kwao. Ujerumani ikatuma meli ya kuikoa, Rubens, iliyobadilishwa jina ikaitwa Kronborg na kupeperusha bendera ya Denmark. Ilibeba makaa, bunduki, risasi na madawa. Ilizunguka Afrika yote bila kukamatwa.

Lakini Waingereza walikuwa wakizisoma simu za Wajerumani, wakajua inakuja. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari Hyacinth ikaikuta karibu na Tanga na kuifukuza hadi ghuba ya Manza. Nahodha wake, Carl Christiansen, akaipeleka maji machache, akaingiza maji ndani ili iketi chini, akaamuru sitaha iwashwe moto. Waingereza wakaona moshi na ndimi za moto, wakaridhika, wakaenda zao.

Usiku wakaja Wajerumani na askari wao na wapiga mbizi. Shehena iliyokuwa chini ya maji ikatolewa, risasi zikaanikwa juani na kusafishwa moja moja. Zile risasi na bunduki ndizo zilizompa pumzi von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, naye akapigana nchi kavu hadi Novemba 1918. Königsberg yenyewe ilimalizwa Rufiji Julai 1915, nayo hata ilipokufa mizinga yake iling'olewa ikaenda kupigana bara. Kwa hiyo siri ilisomwa sawasawa, meli ikangojwa ilipopita, na bado mzigo ukamfikia mwenyewe. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa njaa na maradhi katika miaka mitatu iliyofuata hawakujua lolote juu ya Chumba cha 40, lakini uzembe wa saa chache pale Manza uliwahusu.

Turudi kwenye vita vya pili. Waliokuja kukaa Allidina Visram walikuwa ofisi ya kijasusi iliyofunguliwa Hong Kong mwaka 1935 kuisikiliza Japani. Mwaka 1939 ikahamia Singapore. Mapema 1942, Wajapani walipoikaribia Singapore, sehemu kubwa ikakimbilia Colombo, Ceylon, yaani Sri Lanka ya sasa. Hata huko walikaa shuleni. Nadhani kuna sababu ya kawaida kabisa: shule ina vyumba vikubwa, meza nyingi na ukuta.

Machi 1942, wakiwa Colombo, wakapata habari nzito kutoka kwenye msimbo mkuu wa jeshi la majini la Japani, ambao wanahistoria huuita JN-25. Manowari za kubebea ndege za Admirali Nagumo, zilezile zilizoipiga Pearl Harbor, zinakuja kuipiga Ceylon, siku ikiwa mnamo Aprili mosi. Admirali James Somerville, mkuu wa manowari za Kiingereza katika Bahari Hindi, aliiamini habari hiyo. Akazitoa manowari zake bandarini mwisho wa Machi na kuzurura kusini mwa kisiwa akiwangoja.

Hawakuja. Siku ya kwanza, ya pili, hakuna kitu. Maji na mafuta yanapungua. Somerville akaona labda wavunja misimbo wamekosea. Akaelekea kisiwa cha Addu, huko Maldivi, kujaza mafuta. Manowari mbili, Dorsetshire na Cornwall, akaziruhusu zirudi Colombo, na Hermes, ya kubebea ndege, akaipeleka Trincomalee, bandari nyingine ya Ceylon. Tarehe 4 Aprili jioni rubani wa Kanada, Leonard Birchall, akiwa doria, akawaona Wajapani wametanda baharini. Aliwahi kutuma habari kabla ya kuangushwa.

Kosa lilikuwa la siku tu. Mahali palikuwa sahihi, adui alikuwa sahihi. Jumapili ya Pasaka, Aprili 5, Colombo ikapigwa, na Dorsetshire na Cornwall zikazamishwa baharini na ndege, mabaharia zaidi ya 400 wakafa. Aprili 9 ikafuata Hermes, na zaidi ya 300 wakaenda nayo. Wengine humlaumu Somerville. Mimi naona alikuwa na bahati kwamba hakukutana na Nagumo mchana. Manowari zake nyingi zilikuwa kuukuu na za polepole, na ndege zake zilikuwa chache. Angekutana naye kwa sababu tu siri ilisomwa vizuri zaidi, huenda leo tungekuwa tunahesabu wafu maelfu.

Baada ya hapo Waingereza wakaona Colombo haikaliki. Manowari zikaletwa Kilindini, bandari yetu hapa Mombasa, na wavunja misimbo wakapandishwa meli kuzifuata. Ndivyo Mombasa ilivyogeuka kuwa kambi kuu ya Bahari Hindi. Mwezi Mei 1942 Waingereza wakaivamia Madagaska, Bukini ya wazee wetu, kuizuia isije ikawa kituo cha Wajapani. Hofu hiyo haikuwa ya bure: tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia bandari ya Diego Suarez zikaijeruhi manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta, na Juni na Julai nyambizi zao kubwa zikazamisha meli za mizigo zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji.

Kwa wavunja misimbo, Kilindini ilikuwa mbali mno. Simu za upepo zilizosikika vizuri Colombo, huku zilifika zimefifia, au hazikufika kabisa. Watu walikuwa wachache na mawasiliano na wenzao wa Marekani na Australia yalikuwa ya taabu. Mkondo wa karatasi ukawa kijito. Ndipo wawili wao, John MacInnes na Brian Townend, wakapata kitu.

Hapa naomba vijana watoe kalamu. Msimbo wa meli za mizigo, JN-40, kwa muda mrefu ulidhaniwa una muundo kama wa JN-25, yaani kitabu cha maneno yaliyogeuzwa tarakimu, kisha tarakimu zikajumlishwa na nyingine za siri. Kumbe sivyo. Ulikuwa na jedwali la vikundi 100 vya tarakimu mbilimbili, kila kikundi kikisimamia sauti au alama moja, kisha tarakimu zikavurugwa mpangilio. Tuseme tunaandika neno MELI. M tuipe 27, E 05, L 61, I 34. Tunapata 27056134. Sasa tuzipange katika safu nne za wima: mstari wa juu 2, 7, 0, 5, wa chini 6, 1, 3, 4. Halafu tuzisome kwa kushuka, kwa mpango wa siri tuliokubaliana: safu ya tatu kwanza, kisha ya kwanza, ya nne, ya pili. Kinachoruka hewani ni 03265471. Tazameni herufi M: 2 yake iko nafasi ya tatu, 7 yake imetupwa hadi ya saba. Herufi imepasuliwa vipande viwili na kila kipande kimekwenda njia yake. Ukikaa kuhesabu ni tarakimu gani inajirudia, hutapata kitu.

Mwezi Septemba 1942 mtumaji mmoja wa Kijapani akatuma ujumbe akasahau sehemu yake. Akautuma tena, safari hii umekamilika, kwa ufunguo uleule. Kosa hilo kila mwanafunzi wa kazi hiyo hufundishwa asilifanye siku ya kwanza. Mkiweka ujumbe hizo mbili sambamba, vipande vilevile vya tarakimu vinajitokeza kotekote, ila katika ujumbe wa pili vimesogea kidogo, kwa sababu tarakimu zilizoongezwa zimesukuma zinazofuata. Kwa kupima vimesogea kiasi gani na wapi, unaanza kujua safu ni ngapi na zina urefu gani. Ukishazirudisha safu mahali pake, kinachobaki ni jedwali la vikundi 100, na hilo kwa mtu wa kazi hiyo ni la kulifanyia subira tu.

Kufikia Novemba walikuwa wameusoma msimbo wote wa nyuma, na ujumbe mpya walikuwa wakiufungua kadiri unavyoingia. Katika majuma mawili yaliyofuata wakaivunja misimbo mingine miwili, JN-167 na JN-152. Maana yake ni hii: meli ya Kijapani ikitoka bandarini na mafuta, mchele au askari, ikitaja njia yake, nyambizi ya Kimarekani inaweza kutumwa kuingojea njiani. Japani ni nchi ya visiwa, mafuta yake yalikuja kwa meli, na kufikia 1945 meli zake za mizigo zilikuwa zimekwisha kuangamizwa, nyingi na nyambizi hizo. Siwezi kusema Mombasa ndiyo iliyofanya hayo, maana Wamarekani na Waaustralia walikuwa na wavunja misimbo wao. Lakini mlango mmoja muhimu ulifunguliwa hapa, na waliofaidika zaidi walikuwa maelfu ya maili kutoka hapa, katika Pasifiki, ambako zilikuwako nyambizi za kuitumia habari hiyo.

Na vita vya Midway, kile kisiwa cha Marekani katika Pasifiki? Najua mtaniuliza, kwa hiyo niiguse kwa ufupi. Mei 1942 mvunja misimbo wa Marekani, Joseph Rochefort, na wenzake huko Hawaii waliona Wajapani wanajiandaa kupiga mahali walipopaita AF. Wakaamuru kituo cha Midway kitangaze kwa redio, bila kuficha, kwamba mtambo wa maji safi umeharibika. Haukuwa umeharibika. Baada ya muda Wajapani wakaarifiana kwamba AF ina upungufu wa maji. Admirali Nimitz, mkuu wa manowari za Marekani katika Pasifiki, akaamini, akaweka manowari zake tatu za kubebea ndege kaskazini mashariki ya kisiwa, na tarehe 4 Juni Wajapani wakapoteza nne: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu. Tatu kati ya hizo, zote isipokuwa Kaga, ndizo zilizokuwa zimeipiga Ceylon siku ya Pasaka. Ndiyo sababu Nagumo hakurudi Bahari Hindi, na ndiyo sababu Kilindini ililala salama. Wavunja misimbo wa Colombo na wa Hawaii walikuwa wakihangaika na msimbo uleule. Tofauti ni kwamba Nimitz alikuwa na za kumpigia adui, na siku ikasadifu.

Nije sasa kwenye kisa ambacho hunikosesha raha, nacho kinahusu manowari moja iitwayo Petard.

Katika Atlantiki nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikiwaangamiza Waingereza. Bletchley Park ilikuwa ikizisoma simu zao, lakini Februari 1942 Wajerumani wa nyambizi za Atlantiki wakaongeza gurudumu la nne katika mashine yao ya Enigma, na kwa miezi kumi Waingereza wakawa vipofu. Tena, hili husahaulika, wakati huohuo Wajerumani nao walikuwa wakiusoma msimbo wa misafara ya meli za Kiingereza na Kimarekani. Kila upande ulijiona unachungulia peke yake.

Usiku wa Oktoba 30, 1942, mashariki ya Mediterania, Petard na manowari nyingine wakailazimisha nyambizi U-559 kuibuka. Wajerumani wakaruka majini, nyambizi ikiwa inazama taratibu. Luteni Tony Fasson na baharia Colin Grazier wakaogelea hadi kwenye nyambizi, wakateremka ndani gizani. Kijana wa kantini, Tommy Brown, umri wake miaka 16, akasimama ngazini kuyapokea makaratasi yao na kuyapitisha kwenye mashua. Safari ya mwisho nyambizi ikashuka ghafla. Brown akaokoka, Fasson na Grazier wakazama nayo. Miongoni mwa makaratasi kulikuwa na kitabu cha habari za hali ya hewa cha nyambizi, na kwa kitabu hicho Bletchley ikaanza tena kusoma Atlantiki tarehe 13 Desemba. Misafara ikaanza kupitishwa mbali na makundi ya nyambizi. Kwa nini wale wawili walikufa, haikuelezwa hadharani hadi miaka ya 1970.

Baadaye Petard ikahamishiwa Bahari Hindi. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za askari ulitoka Kilindini kwenda Colombo, ukilindwa na manowari Hawkins, Paladin na hiyo Petard. Katika meli iitwayo Khedive Ismail kulikuwa na watu 1,511. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, Kikosi cha 301, vijana kutoka nchi zetu hizi wakiongozwa na maofisa Waingereza. Walikuwamo wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Wale askari hawakuwa wamewahi kuwaona Wajapani.

Tarehe 12 Februari mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Wengi walikuwa chini, mchana ule, na hawakuwahi kupanda. Walioweza kuruka walikuwa wakielea, na nyambizi ikajificha chini yao hasa. Wakuu wa Paladin na Petard wakawa na meli nne nyingine zilizojaa askari, na adui aliye chini ya waokokaji. Wakatupa mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji. Mabomu yale yaliwaua watu wao wenyewe majini. Nyambizi ikaibuka, Paladin ikaigonga ikajiumiza yenyewe, na mwishowe Petard ikaipiga topido baada ya topido hadi ikapasuka. Katika safari ile walikufa watu 1,297.

Siku hiyo ile ofisi ya Allidina Visram ilikuwa imeshahama miezi mitano nyuma, imerudi Colombo, ambako usikivu ulikuwa mzuri, na JN-40 ilikuwa inasomwa. Lakini JN-40 ulikuwa msimbo wa meli za mizigo. Nyambizi ina mafumbo yake, na ikiwa imenyamaza baharini inavizia, haina redio ya kunaswa. Waliosoma siri za Japani kutoka mji huu walizifanya meli nyingi za Kijapani ziwindwe, na hawakuwa na cha kumsaidia askari wa Kikosi cha 301 aliyepandia meli yake Kilindini. Ukitaka kumwelewa mvunja misimbo, msome pamoja na huyo askari. Vitabu vingi vinamsoma peke yake.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla ya maswali, ningeomba jambo moja: kama humu ndani yupo ambaye baba au babu yake alikuwa katika kile kikosi cha mizinga, au aliyesikia nyumbani habari za shule yetu ilipochukuliwa na wanamaji, azungumze yeye kwanza. Mimi nitakaa.